Masaji sio anasa jamani, niulizeni mimi niliyeshuka ngazi kinyumenyume

Jumatatu baada ya nusu marathoni ya Kilimanjaro nimefika ofisini, kupanda ngazi naweza, kushuka ndio sasa. Tuko ghorofa ya tatu na lifti siku hiyo ilikuwa imekufa kama kawaida yake, basi saa ya lanchi nikashika reli nikashuka kinyumenyume, mlinzi ananiangalia tu hasemi kitu.

Mliokimbia Moshi mnajua. Unapanda weee kuelekea Mweka, ukigeuza unasema afadhali, kumbe kushuka ndio kunakomaliza mapaja maana kila hatua msuli unafunga breki huku unavutwa. Na hayaumi siku ile ile, yanaanza kesho yake, keshokutwa ndio unajuta kuzaliwa.

Nikamwambia waifu naenda masaji. "Masaji gani?" Kaniuliza mara mbili. Mjini hapa hilo neno wameshaliharibu, ikabidi nimtumie lokesheni na picha ya kibao cha kliniki ya fiziotherapia ndio roho yake ikatulia.

Yule dada hakuanza kunishika. Kanisimamisha mguu mmoja, kanichuchumalisha (nilipiga kelele), kaniinua mikono halafu kaniuliza kazi yangu nini. Mhasibu. Akacheka, "kaka, hayo mapaja yatapoa yenyewe siku mbili tatu, mimi naogopa hilo bega." Na kweli, bega la kulia nina miezi sijageuza shingo vizuri nikirudisha gari nyuma, nilishazoea.

Mapaja aliyapitia kwa wepesi tu, anasukuma mafuta kuelekea juu. Mimi najifanya mjuaji nikamwambia atoe asidi yote, akaniambia hiyo asidi ya laktiki ilishaondoka mwilini ndani ya kama saa moja baada ya kumaliza mbio, kinachouma ni msuli wenyewe umepata michaniko midogo midogo, na kuuminya kwa nguvu leo ni kuuongezea kazi. Nikanyamaza.

Kwenye bega ndio nikaona ufundi. Vidole vikatembea juu ya ule msuli wa kati ya shingo na bega mpaka vikagota kwenye kitu kama kokwa ya zambarau, akaweka dole gumba akatulia hapo hapo, hasugui. "Kumi ni kulia, sifuri ni hamna kitu, nipe namba." Saba. "Usibane pumzi." Maumivu yakapanda hadi nyuma ya jicho, kumbe kile kichwa cha saa kumi jioni nilichokuwa nakimezea panado kilikuwa kinatokea huku! Baada ya kama dakika moja ikawa nne, halafu mbili, na bega lenyewe likashuka. Nilikuwa sijui kama nilikuwa nimelipandisha.

Nikamkumbuka bibi yangu Tanga, alikuwa anakanda watu kwa mafuta ya nazi anayapasha kidogo kwenye kijiko, na yeye alikuwa hana haraka. Kuna sehemu nyingine niliwahi kwenda jamaa akanipandia mgongoni na kiwiko, nikatoka na michubuko wiki nzima na nikalipa, maana nilidhani masaji isipouma haijafanya kazi. Ujinga mtupu.

Sasa msinielewe vibaya, bega halikupona siku ile. Nilipata unafuu wa siku tatu hivi, na dada alisema hizo siku ndio za kufanya mazoezi ya mgongo wa juu na kuinua skrini ya kompyuta, nisipofanya nitarudi nampa hela ile ile kila wiki. Na kuna mambo ya kutokandwa kabisa: kigimbi kimoja kikivimba, kina joto na kinauma, hasa umetoka safari ndefu au umelala kitandani siku nyingi, nenda hospitali haraka, inaweza kuwa damu imeganda ndani na hutaki mtu aisogeze. Ganzi ya mkono mpaka vidoleni nayo ni ya daktari kwanza.

Siku hizi nina mpira wa tenisi kwenye droo, nauweka kati ya mgongo na ukuta naegemea, nazunguka taratibu. Juzi bosi kaingia bila hodi kanikuta nimefumba macho najisugua ukutani kama ng'ombe. Kaniangalia, kafunga mlango, jioni kaja kuuazima.