Jinsi nilivyouza mboga za shamba la jirani wakati wa korona, baada ya kuzipika ndani ya gari

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona ni janga la dunia nzima, na ghafla kila niliyemjua akawa mpenzi wa wakulima. Picha za jembe zilijaa kwenye simu yangu, zimeandikwa maneno matamu. Wakati huohuo, mwendo mfupi tu kutoka kwangu, kulikuwa na shamba la ekari mbili la mama mmoja na kijana wake, na mboga zilikuwa zinaozea humo.

Wateja wake walikuwa shule moja na mikahawa miwili. Vyote vilifungwa ndani ya wiki moja. Lakini kuku hawasomi matangazo: yai linatoka tu, karibu kila siku, dunia ifungwe isifungwe. Nilipoenda kununua trei moja nilikuta nyingine zimepangwa mpaka usawa wa dirisha.

"Mama, mayai yote haya ya nani?"

"Ya kwako mwanangu, ukiwa na tumbo la kuyala."

Nilikuwa nimerudishwa nyumbani kutoka kazini, sina la kufanya, nikajitwika jukumu ambalo hakuna aliyenituma. Ushauri ulimiminika. Mmoja alisema tutengeneze programu ya simu. Mwingine akasema tuchangishe, kana kwamba yule mama ana msiba. Wa tatu akanitumia maelekezo ya kuosha mboga kwa sabuni ya vyombo. Tafadhali usifanye hivyo: majani hufyonza sabuni na tumbo ndilo linalolipa. Maji safi yanayotiririka yanatosha.

Basi nikafungua kikundi cha WhatsApp na kuandika kwa mbwembwe: "Agizeni mnachotaka!" Hilo ndilo kosa, lakini siku ile nilijiona mfanyabiashara. Nyumba 19 zikaagiza, nyingi kwa sauti. Huyu anataka spinachi isiyo na vijiti. Yule anataka nyanya tano, ziive lakini zisiive sana. Mmoja akaagiza tikiti, na shamba halina hata mche wa tikiti.

Nilifika shambani saa saba mchana, jua la utosi. Tukavuna harakaharaka. Kwa kuwa nilitaka watu waone usafi wangu, kila oda niliitia kwenye mfuko wa plastiki, majani na nyanya pamoja, nikafunga fundo, nikapuliza kitakasa mikono juu ya kila mfuko. Kisha nikapandisha vioo vyote vya gari, eti virusi visiingie. Nikaanza kupiga simu nyumba kwa nyumba. Huyu hapokei, yule anaoga, mwingine anasema nisubiri dakika tano. Saa tatu zikapita.

Nilipofungua mlango wa nyuma nilipigwa na mvuke usoni. Mifuko ilikuwa imevimba kama maputo, ndani matone ya maji yanateleza, na spinachi imekuwa ya kijani cha matope, imelala. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba jani likikatwa halifi papo hapo. Linaendelea kupumua na kutoa joto, na ukilifungia ndani ya plastiki juani linajipika lenyewe. Hata kama ningefika salama, zile nyanya nazo hutoa gesi inayoharakisha majani kugeuka manjano, kwa hiyo kuzifunga mfuko mmoja ni kuwaweka mahasimu chumba kimoja. Mteja mmoja alituma picha ya mfuko wake na maneno mawili: "Asante, supu." Waliolipa walikuwa watatu. Mabaki nikayarudisha shambani wapewe mbuzi. Mbuzi mmoja akanusa, akageuza shingo.

"Hata mbuzi ana pua, mwanangu," mama akasema, akacheka mpaka akakaa chini.

Kilichotuokoa kilikuwa kuacha kuuza mboga na kuanza kuuza kikapu. Kikapu kimoja kila nyumba, ndani yake kile ambacho shamba limetoa wiki hiyo, na pesa inalipwa kabla. Jumatano jua likizama, daftari limefungwa. Jumamosi alfajiri, umande ukiwa bado, tunavuna idadi ileile iliyolipiwa, tunapanga kwenye makreti chini ya magunia yaliyoloweshwa. Watu walinung'unika, bila shaka. Kulipia kitu usichokijua!

Hapo ndipo kuku wakaniokoa. Mayai yalikuwa yameadimika madukani na kila mtu anayataka. Nikatangaza: hakuna kikapu, hakuna yai. Wiki hiyohiyo waliokuwa hawali biringanya walianza kuulizana namna ya kuipika.

Ile pesa ya mapema, ambayo mimi niliiona njia ya kukwepa wakopaji tu, ndiyo iliyomnunulia mama mbegu za msimu uliofuata bila kukopa. Nikajiona mgunduzi, mpaka niliposoma kwamba Wajapani wanafanya hivyo tangu miaka ya 1970, wanaita teikei.

Sasa msongamano. Sikutaka kalamu moja ipite mikono thelathini, wala nisimame naita majina. Nikafunga kamba ya kuanikia nguo langoni, nikabana vibanio vyenye namba za nyumba. Ukifika unachomoa chako, unakitupa kwenye ndoo ya maji ya sabuni, unachukua kikapu chenye namba yako na kuondoka. Kibanio kikibaki kwenye kamba najua nani hajaja. Bibi mmoja asiyelipa kwa simu alileta sarafu Jumatano, akazidondosha kwenye mtungi wa sabuni, na kijana wa shamba akazivua kwa kijiko. Baadaye ilifahamika kwamba virusi vile husambaa zaidi kwa hewa kuliko kwa kugusa vitu, kwa hiyo sabuni ya vibanio na sarafu ilikuwa zaidi maigizo. Kukutana nje na kwa zamu ndiko kulikokuwa na maana. Ila vibanio nisingeviacha kwa lolote.

Gharama? Mafuta ya gari yalikula kiasi ambacho mke wangu hajui mpaka leo. Wateja walishuka hadi 11 baada ya ile supu, kisha wakapanda, wakapita arobaini. Mikahawa ilipofunguliwa karibu nusu walitoweka, wakiwemo wale wa picha za jembe. Waliobaki ni wale ambao hawakuwahi kutuma picha yoyote.

Kamba bado ipo langoni na siku hizi mama ndiye anayeiendesha. Wiki iliyopita nilikumbuka kuagiza usiku wa Jumatano, giza limeshaingia. Jumamosi nikaenda hivyohivyo, nikatafuta kibanio namba 7 kutoka mwanzo wa kamba hadi mwisho. Hakipo. Mayai yangu alikuwa amempa mtu mwingine.

"Mama, hata mimi?"

"Daftari ulilifunga mwenyewe, mwanangu."