Usafi wa mtoto wa mbwa kwenye nyumba ya kupanga: uzoefu wangu

Ukileta mtoto wa mbwa nyumbani, kila anayemwona atakuambia jambo lile lile: mwogeshe. Na kweli wengi hufika wananuka, manyoya yameshikana, wanajikuna bila kupumzika. Shaba, jike wa kienyeji niliyempata Muheza akiwa na wiki nane, alifika Tanga kwangu hivyo hivyo. Sikumwogesha. Ametoka kuachishwa kunyonya, amepanda gari kwa mara ya kwanza, yuko kwa watu asiowajua. Mbwa wa umri ule mwili wake unapoteza joto upesi, na akiloweshwa jioni atatetemeka hadi asubuhi. Nilimfuta kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, nikamkausha, nikamlaza juu ya kanga ya zamani. Kesho yake ndipo kazi yenyewe ikaanza, nayo ni kumkagua.

Nilimweka juu ya shuka jeupe barazani, penye mwanga wa kutosha, nikamchana taratibu kwa kitana cha meno ya karibu, kile cha kutolea chawa. Zikaanguka chembe nyeusi, ndogo, ambazo mtu angedhani ni vumbi la njiani. Nikaziokota kwenye pamba yenye maji. Punde zikaanza kutoa rangi, kwanza hudhurungi, kisha wekundu wa kutu ukatambaa kwenye pamba. Vumbi halitoi rangi hiyo. Hicho ni kinyesi cha viroboto, yaani damu ya Shaba mwenyewe iliyopitia matumboni mwao. Baada ya hapo nilimwinua mdomo wa juu nikatazama ufizi. Ulikuwa wa waridi, nikapumua. Viroboto wengi kwenye mwili mdogo wanaweza kumkausha damu, na ufizi ukionekana mweupe usingoje kesho, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Kwenye suala la dawa nina msimamo mkali. Hapa Tanga nyumba nyingi zina ng'ombe wa maziwa, na jirani yangu kwa moyo mwema kabisa alinimiminia kwenye chupa dawa anayoogeshea ng'ombe wake dhidi ya kupe. Nilimshukuru, nikamrudishia. Dawa nyingi za namna hiyo zina amitrazi, kemikali ya kuua kupe, na mtoto wa mbwa asiyefikisha miezi minne haipaswi kumgusa: inaweza kumtia usingizi mzito, kushusha mapigo ya moyo na kumpoza mwili. Ng'ombe ana mamia ya kilo, huyu hata kilo tatu hakuwa nazo. Nilimpeleka kwa daktari, akampima uzito kwanza, ndipo akampulizia dawa yenye fipronili, ambayo watoto wa mbwa wanaivumilia. Na kama ndani kuna paka, soma kibandiko vizuri kabla ya kununua, kwa sababu permethrini, kemikali ya kuua viroboto na kupe inayotumika kwa mbwa, inaweza kumuua paka.

Kupe walikuwa wachache, kwenye masikio na katikati ya vidole. Niliwatoa kwa kibano, nikiwashika karibu kabisa na ngozi na kuvuta moja kwa moja bila kupinda. Mafuta ya taa na njiti ya kiberiti, ambavyo wengi wamevizoea, humuumiza mbwa bure.

Dawa peke yake haitoshi, na hili ndilo ningependa kila mwenye mbwa alishike. Viroboto unaowaona mwilini ni sehemu ndogo tu ya walioko nyumbani. Mayai yao hayagandi kwenye manyoya, yanadondoka pale mbwa anapolala, yanaanguliwa kwenye nyufa za sakafu na kwenye vitambaa, na wakiwa ndani ya vifuko vyao wanaweza kukaa miezi kabla ya kutoka. Kwa hiyo Shaba alikuwa na kanga mbili za kupokezana. Moja ikitumika, nyingine inafuliwa kwa maji ya moto, inaanikwa juani na kupigwa pasi pande zote. Pasi hiyo si urembo. Kwenye joto na unyevunyevu wa pwani kuna nzi anayetaga kwenye nguo mbichi na kwenye mchanga wenye mkojo, na funza wake hupenya ngozini na kutengeneza jipu lenye kitundu katikati. Mtoto wa mbwa analalia tumbo lisilo na manyoya, huyo funza hapati taabu. Sakafu nilifagia hadi pembeni kabisa, hasa pale ukuta unapokutana na saruji.

Kuoga kulikuja baadaye, alipokwisha kuzoea mikono yangu. Nilichagua saa saba mchana, jua kali, hakuna upepo. Beseni niliweka taulo chini ili miguu isiteleze, maana mbwa akiteleza mara moja ataliogopa beseni maisha yake yote. Povu nilianzia shingoni, nikazungusha pete nzima kabla ya kushuka mgongoni. Ukianzia nyuma, viroboto watakimbilia usoni na masikioni, mahali ambapo huwezi kumwagia maji. Sabuni ya mche na ya unga sikutumia. Ngozi ya mbwa ni laini kuliko tunavyodhani, na sabuni kali huondoa mafuta yake, kesho unamkuta anajikuna kuliko jana. Nilinunua shampuu ya mbwa kwenye duka la dawa za mifugo, nikasuuza mpaka maji yakatoka meupe, kisha nikamkausha hadi kwapani na katikati ya vidole. Tangu hapo anaoga kama mara moja kwa mwezi, au akijigaragaza kwenye uchafu.

Mengine ni madogo lakini ya mara kwa mara. Macho, pamba yenye maji yaliyochemshwa yakapoa, kila jicho na pamba yake. Masikio nafuta sehemu inayoonekana tu, kijiti cha pamba hakiingii ndani. Sikio likitoa harufu kali, hiyo ni kazi ya daktari. Kucha nakata ncha tu, maana ndani yake kuna mshipa wa damu. Kucha nyeupe utauona, nyeusi hutauona, hivyo nakata kidogo kidogo. Meno napitisha kitambaa laini kilichozungushiwa kidole, bila dawa ya meno ya watu: baadhi zina zilitoli, kitu cha kutia utamu badala ya sukari, ambayo ni sumu kwa mbwa.

Tunaishi wapangaji kadhaa kwenye uwanja mmoja, na mama mwenye nyumba ni Mwislamu wa swala tano. Alinikalisha mapema akaniambia, "Mwanangu, mimi na mbwa wako hatuna ugomvi. Ila asilambe vyombo vyangu, wala asinipitie akiwa amelowa." Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani hii, kilichoguswa na ute wa mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nikamjibu, "Nimekusikia, mama." Shaba ana beseni, ndoo na taulo lake, anaogea nyuma ya nyumba mbali na bomba, na hafunguliwi mpaka akauke. Niliona ni haki yake mama yule, na kwa usafi wa uwanja mzima imetusaidia sote.

Watoto wa uwanjani wanacheza mchangani, kwa hiyo minyoo sikuifanyia mzaha. Watoto wa mbwa wengi huzaliwa na minyoo, wengine huipata kwenye maziwa ya mama. Daktari alimpa dawa kila baada ya wiki mbili hadi wiki kumi na mbili, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Mayai ya minyoo mviringo yanahitaji wiki mbili hivi kwenye udongo kabla ya kuweza kumwambukiza mtu, ndiyo maana kinyesi nakiokota siku hiyo hiyo na kukitumbukiza chooni. Ukiona vipande vyeupe kama punje za mchele karibu na mkia, huyo ni tegu, na mara nyingi mbwa amempata kwa kumeza kiroboto. Rudi kwenye kanga na kitana.

Chanjo ya kichaa cha mbwa alipata alipotimiza miezi mitatu. Kadi yake iko mlangoni, mahali ambapo hata nisipokuwepo wataipata. Watoto nao nimewafundisha: ukikwaruzwa au kung'atwa na mbwa yeyote, hata Shaba, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo.