Kufuli tatu: jinsi nilivyojifunza kumtumaini Mungu bila kujificha

Kwa miaka sita nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama wa kanisa letu hapa Busia, upande wa Uganda. Tulikuwa wanawake 28, wengi wetu wachuuzi wa mpakani, Wasamia, Wateso, Waganda na waliozaliwa ng'ambo ya pili, na kwa sababu hiyo vikao na maombi yetu huendeshwa kwa Kiswahili. Kila wiki tulinunua hisa, tukakopeshana, na Desemba tukagawana. Sanduku la chuma lililala kwangu, lakini funguo za kufuli zake tatu zilishikwa na akina mama watatu wengine, ili mtu yeyote asiweze kulifungua peke yake. Mimi pia ndiye niliyeongoza maombi ya kufungua kikao, na nilipenda kufundisha juu ya kumtumaini Mungu.

Mwezi Machi 2020 makanisa yalifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, kisha usafiri wa abiria ukasitishwa. Mshika ufunguo mmoja alikimbilia kijijini kabla magari hayajasimama, akaniachia ufunguo wake. Wa pili alikuwa karibu kujifungua, naye akaniachia wake kwa kuwa aliniamini. Biashara yangu ya dagaa, ambao wengi hapa huwaita mukene, ilikuwa imekwama, kwani sisi tuliozoea kuvuka mpaka kwa miguu tulizuiwa, na malori ya mizigo peke yake ndiyo yaliyoruhusiwa. Nikapata nafasi kwenye lori moja. Nikamwendea mshika ufunguo wa tatu, nikamwambia kwamba wenzake wamekubali niazime fedha kidogo. Hawakuwa wamekubali, sikuwa nimewauliza. Alinifungulia, nikachukua shilingi 1,400,000.

Nilinunua dagaa kwenye mwalo wa Majanji. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, na dagaa wa wakati huo hawakauki vizuri hata wakianikwa siku kadhaa. Kisha madereva wakaanza kupimwa ugonjwa mpakani kabla ya kuruhusiwa kupita, na foleni ya malori ikawa ya siku nyingi. Turubai lilivuja. Mzigo ulipoteremshwa ulikuwa umeshika ukungu, na mnunuzi aliyepatikana alikuwa mtengenezaji wa chakula cha kuku, aliyelipa fedha ambazo hazikutosha hata nauli ya lori.

Makanisa yalipofunguliwa tena mwezi Septemba, kwa waumini wasiozidi 70, akina mama waliniuliza habari za sanduku. Nikasema fedha nimezipeleka benki kwa usalama. Desemba ilipofika nikasingizia ugonjwa kwamba umevuruga hesabu, nikawaomba wagawane mwaka utakaofuata. Walikubali. Ninaandika neno hilo kwa uchungu, kwa sababu walikubali bila kunung'unika, na kukubali kwao kulinitesa kuliko ambavyo kelele zao zingenitesa.

Hata hivyo, lililonivunja halikuwa hilo. Mwezi Januari 2021 alinijia mama kijana anayeuza chapati karibu na stendi. Mtoto wake alikuwa na malaria kali, naye alitaka shilingi 60,000 kutoka mfuko wa jamii, ambao tuliuweka kwenye sanduku lile lile kwa ajili ya ugonjwa na misiba. Fedha za mfuko huo sikuwa nimezigusa. Lakini kumpa kulimaanisha kufungua sanduku mbele ya wengine. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Mdogo wangu, tuombe tu, Mungu atafanya njia." Nikaomba kwa sauti nzuri. Alitoka akaenda kuuza jiko lake na kikaango cha chapati, vitu vilivyomlisha yeye na watoto. Mtoto alipona, namshukuru Mungu kwa hilo, lakini kwa wiki kadhaa nilimwona mama yule akifulia watu nguo kwa malipo madogo, na kila nilipompita alinisalimia kwa heshima: "Shikamoo, mama."

Nilikuwa nimelitumia jina la Mungu kama turubai la kufunikia wizi.

Nilikwenda kwa bibi mmoja mzee ambaye sote humwita Jaja. Yeye alilelewa na walokole, watu wa uamsho ule ulioanzia Gahini huko Rwanda na Namirembe hapa kwetu, ukaenea Afrika Mashariki katika miaka ya 1930. Kwao, kutubu hakukuwa kulia madhabahuni peke yake. Mtu aliitaja dhambi kwa jina lake mbele ya wenzake na kurudisha alichoiba, na maisha hayo waliyaita kutembea nuruni. Nilianza kumweleza kwa kuzunguka: kwamba nimepungukiwa imani, kwamba nina udhaifu. Akanikatiza kwa upole. "Mwanangu, umechukua kiasi gani?" Nilipotaja idadi, machozi yalinitoka kwa mara ya kwanza tangu Machi. Hakunifariji haraka. Aliniambia nianze na mume wangu, kisha washika funguo, kisha mama wa chapati, na mwisho kikundi chote, na kwamba kwa kila mmoja niseme nilimdanganya kwa neno gani.

Ushauri huo wa mwisho ndio uliokuwa mgumu kuliko yote, nami nauona kuwa wenye hekima sana. Kusema "nisameheni kama nimewakosea" kungekuwa rahisi, na kiburi changu kingebaki kimeketi mahali pake. Kumwambia dada aliyenifungulia sanduku, "Nilikuambia wenzako wamekubali, na haikuwa kweli," kulinivua kila kitu. Mume wangu alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu alitoa mbuzi wetu wawili tuwauze. Nami nikaongeza vitenge vyangu vya sikukuu, tukapata shilingi 350,000. Kwa mama wa chapati nilipiga magoti mlangoni pake. Yeye ni mdogo kwangu kwa miaka mingi, akataka kuniinua kwa aibu, nikamwomba aniache nimalize kusema. Hakunisamehe siku hiyo. Alisema, "Nimesikia, mama," akaingia ndani. Nilijifunza njiani nikirudi kwamba kuomba msamaha hakunipi haki ya kuupata saa ninayoitaka.

Kikundi tulikutana Jumanne ya tarehe 16 Februari, siku ya mapumziko ya kumkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa mwaka 1977 chini ya utawala wa Idi Amin, siku chache baada ya maaskofu kumwandikia mtawala huyo barua ya kupinga mauaji. Usiku uliotangulia nilimfikiria sana. Yeye aliusema ukweli mbele ya mtu mwenye uwezo wa kumwua, nami niliwaogopa wanawake walioketi mkekani, walionipikia nilipofiwa na mama yangu. Niliomba sala fupi ambayo haikuwa na sharti: sikumwomba Mungu anilindie jina wala cheo, niliomba niweze kusema tu, na mengine yawe mikononi mwake. Nadhani hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kumtumaini kweli, ingawa nilikuwa nimelifundisha neno hilo miaka sita.

Walilia wengine, wawili walinikaripia, na walikuwa na haki. Nilijiuzulu na kukabidhi sanduku pamoja na zile shilingi 350,000. Nilipotaja habari ya Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili aliyeahidi kurudisha mara nne, mwenyekiti alisema hawataki mara nne. Wanataka nilipe shilingi 75,000 kila mwezi kwa miezi 14, nami nisimame kila nikilipa, nitaje kiasi kilichobaki. Nilianza Machi. Juni makanisa na usafiri vilifungwa tena, biashara ikafa, nikakosa miezi miwili. Jaribu la kujificha lilirudi likiwa na nguvu zile zile. Badala yake nilitembea hadi kwa mwenyekiti nikiwa na shilingi 20,000 mkononi, nikamwambia hizi ndizo nilizo nazo. Akanirudishia, akasema, "Kawapikie watoto. Utaendelea barabara zikifunguliwa." Tumaini nililolipata siku ile halikuwa la fedha kupatikana, maana sikujua zingetoka wapi, lilikuwa la kujua kwamba ninaweza kukosa na bado nikaonekana.

Nilimaliza kulipa mwezi Juni 2022. Mshika ufunguo mmoja sasa ni yule mama wa chapati, ambaye kikundi kilimnunulia jiko jipya. Ndiye aliyezipokea noti zangu za mwisho, akazihesabu mara mbili mbele ya wote kama kanuni inavyotaka, akafunga kufuli lake. Kisha akasogea kidogo kwenye mkeka, akaniambia, "Mama, keti hapa."