Dakika Ambayo Kocha Hakuiomba

Nilipomtazama Kocha mara ya kwanza alikuwa amekaa kwenye benchi, mguu juu ya mguu. Mara ya pili, vilevile. Mara ya tatu nikamfanyia ile alama ya T kwa viganja, ya kuomba mchezo usimamishwe, na yeye akawa anapuliza maganda ya karanga mkononi, taratibu, utadhani yuko barazani kwake.

Ilikuwa Julai 2015, Tanga, siku ya kusi kali. Uwanja wetu wa mpira wa kikapu ni wa saruji, hauna paa, na ringi hazikuwa na nyavu, kwa hiyo mpira ukiingia ulihitaji macho makali kujua umeingia au umepita pembeni. Wageni walikuwa vijana wa Dar es Salaam. Waliteremka kwenye basi dogo wamevaa raba za rangi moja, na hilo peke yake lilitutia homa. Hata hivyo hadi mapumziko tulikuwa mbele, 31 kwa 22. Upepo ulitusaidia, nisiseme uongo. Sisi tuliuzoea, wao wakawa wanarusha mipira inakwenda kuangukia kwa wauza mihogo.

Robo ya tatu wakabadilika. Wakaacha kurudi kwao kutusubiri, wakaanza kutukaba tangu chini ya ringi yetu wenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa mpandisha mpira. Kila wakifunga, mwenzangu ananirushia pale pale, kwenye kona, na kabla sijageuka nina watu wawili usoni, mstari wa pembeni kushoto, mstari wa nyuma kisogoni. Kuku ndani ya tenga. Una sekunde 8 za kuvuka nusu ya uwanja, na mimi sekunde 5 za mwanzo nilizitumia kutafuta pa kupumulia. Nikanyang'anywa. Nikarusha pasi ikaenda kwao. Nikanyang'anywa tena. Pointi 12 mfululizo, 34 kwa 31, na mashabiki wetu wa ukutani wakaanza kunitaja kwa jina la mama yangu.

Nieleze kidogo kwa asiyeujua mchezo huu. Mchezaji hawezi kuomba taimauti, yaani mchezo usimame timu izungumze na kocha. Anayeomba ni kocha au msaidizi wake, anakwenda mezani kwa waandishi wa matokeo, na akishafungwa kikapu ana haki ya kupewa. Ni dakika moja tu. Nusu ya kwanza una 2, nusu ya pili una 3, na za nusu ya kwanza usipozitumia zinakufa, huziweki akiba. Kocha wetu alikuwa ameziua zote 2 kipindi cha kwanza na sasa alikuwa na 3 mkononi. Meza iko hatua nne kutoka alipokaa. Karanga zikaendelea.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Phil Jackson, aliyetwaa ubingwa wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, mara 11 akiwa kocha wa Chicago Bulls na Los Angeles Lakers, naye alikuwa na tabia hiyohiyo ya kuwaacha wachezaji wahangaike bila kusimamisha mchezo. Sawa. Lakini yeye aliwaachia kina Michael Jordan. Wetu alituachia sisi.

Kilichotuokoa ni fauli. Mrefu wetu, ambaye tangu Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet achaguliwe wa pili kati ya wachezaji wapya wa NBA mwaka 2009 kila mtu mtaani alimwambia na yeye atakwenda, alichezewa vibaya akapewa mitupo miwili. Tukiwa tunasogea upande ule nikawashika wenzangu mashati. Sikumbuki maneno yote. Nakumbuka nilisema, "Msinipe kwenye kona. Mpeni yeye katikati, mimi nitapita mbele." Mrefu akauliza, "Nikipokea nifanye nini?" Nikamwambia, "Usidundishe, rusha." Refa akapuliza filimbi, tukatawanyika. Hazikufika sekunde 10.

Ikafanya kazi. Mtu mrefu akisimama katikati, wale wawili hawana wa kumbana, akigeuka tu anaona uwanja mzima. Tukapumua. Nikageuka kumtazama Kocha, nikitegemea walau kidole gumba. Alikuwa anaikunja karatasi ya karanga.

Taimauti akaja kuiomba zimebaki sekunde 38, wao 47 sisi 46, mpira wetu. Kufikia hapo moja kati ya zile 3 ilikuwa imeshakufa, maana dakika 2 za mwisho huruhusiwi kutumia zaidi ya 2. Tukamzunguka. Akatupa chupa ya maji izunguke, kisha akanitazama mimi. "Unasemaje?"

Nikasema. Nilisema vizuri sana, naona mpaka leo: nani asimame wapi, nani amzuie nani. Na mwisho wa mpango huo, mpigaji alikuwa mimi. Kocha akaitikia kwa kichwa. Tukaanzishia mbele, ubavuni, ng'ambo ya meza. Nikapokea, nikamlamba chenga mtu mmoja, nikaingia kwenye kona ya kulia mwenyewe kwa miguu yangu, wakaja wawili. Yaliyofuata hayana urefu. Tulifungwa 49 kwa 46.

Kesho yake nilikwenda kwenye banda lake, barabara ya 12. Kocha alikuwa fundi baiskeli, na mpira wetu ulijazwa upepo kwa pampu ileile ya wateja. Shikamoo niliitoa mdomoni tu.

"Marahaba, baba. Shika hiyo." Akanipa tyubu na beseni la maji. "Tafuta tundu."

Nikaanza kuizamisha. Nikashindwa kuvumilia. "Kocha, kwa nini hukuomba? Tulikuwa tunakufa pale."

"Ningeomba ningekwambia nini?"

"Tusipokelee kwenye kona."

"Kumbe ulijua."

"Nilijua baadaye."

"Baadaye lini?"

"Walipofika 34."

"Basi na mimi nilikuwa nakusubiri hapo hapo," akasema, akaendelea kunyoosha spoki.

Kwenye msumari juu ya kichwa chake lilining'inia daftari la kauntabuku lililojaa alama za vidole vya grisi. Pointi zetu hakuziandika humo hata siku moja. Aliandika makosa, safu mbili: mapya na ya jana. Kosa jipya alilisoma mazoezini kwa sauti ya kawaida, na aliyecheka alitolewa nje. Kosa la jana, hilo ulikimbia mstari hadi mstari mpaka magoti yaombe radhi. Mwandishi alikuwa yeye siku zote. Siku ile alilitungua, akanipa kalamu.

Nikafuta mkono kwenye kaptula. Safu ya ya jana, nikaandika: Kona.

Akavuta miwani, akasoma. "Hii kona ya mwisho nani alikupeleka?"

"Hakuna."

"Mrefu alikuwa wapi?"

"Katikati. Peke yake."

"Ulimwona?"

Mkono wangu mmoja ulikuwa umerudi ndani ya beseni, na viputo vikaanza kupanda kati ya vidole, vidogo vidogo, kimoja nyuma ya kingine. Nikakibonyeza kidole pale.

"Nilimwona."

Akachukua kalamu, akalikata neno langu kwa mstari mmoja. Kwenye safu ya mapya akaandika kwa herufi ndogo: Alimwona. Kisha akaniambia nikaushe tyubu, na mimi bado nimeliziba tundu kwa kidole.