Siku moja na bendera ya njano: kazi ya mwamuzi wa kona katika riadha ya ndani

Saa 11:30 alfajiri

Naanza na orodha ya wakimbiaji kabla ya kitu kingine chochote. Leo ni siku ya kwanza ya mashindano ya kimataifa ya riadha ya ndani, na mita 400 za wanawake zinakimbiwa mara mbili: mchujo asubuhi, nusu fainali jioni. Fainali ni kesho. Napitia kundi moja baada ya jingine, na ninachokitafuta ni nani kapangwa njia ipi. Mkimbiaji mwenye hatua ndefu akiangukia njia ya 1, kona itamtesa.

Mimi ni mwamuzi wa kona. Kwenye televisheni mnatuona kwa sekunde moja tu: watu waliokaa kwenye viti ukingoni mwa kona, kila mmoja ana bendera ya njano. Hatumpi mtu ushindi, wala hatumwondoi mtu mashindanoni. Tunaona, tunainua bendera, tunaandika. Anayeamua ni refa, lakini refa naye hawezi kuamua juu ya hatua ambayo hakuna aliyeiona. Ndiyo maana naipenda kazi hii kwa moyo wote.

Saa 1:45 asubuhi

Ukumbi bado mtupu, taa zote zimewashwa. Nautembelea uwanja kwa miguu, njia kwa njia. Mzunguko mmoja hapa ni mita 200, nusu ya ule wa nje, na njia ni sita. Katikati pamepita njia nane zilizonyooka za mita 60, na mwishoni mwake limesimamishwa godoro nene ukutani, maana mtu aliyefika kwenye utepe kwa kasi ile hana pa kusimamia.

Nakaa zaidi kwenye kona. Kona za ndani zimebana, nusu kipenyo chake ni kama mita 17 tu, kwa hiyo zimeinuliwa upande wa nje ili mwili upate pa kuegemea. Hata hivyo mkimbiaji anavutwa nje, naye anajibu kwa kuinamia ndani. Akishachoka, mguu wa kushoto ndio unaoanza kutua pasipo mahali pake. Mstari una upana wa sentimita 5. Upana wa njia huhesabiwa pamoja na mstari wa kulia, hivyo anayeukanyaga huo yuko kwake bado, tena anajirefushia safari. Wa kushoto ni wa jirani. Ukiukanyaga kwenye kona, umefupisha njia.

Nachuchumaa mwisho wa kona ya pili, mahali ambapo wakimbiaji wa mita 400 wanaruhusiwa kuacha njia zao baada ya mzunguko wa kwanza. Vikoni vidogo vimeshapangwa kwenye makutano ya mistari. Nahakikisha kwamba kutoka kwenye kiti changu naona mstari ukinijia moja kwa moja. Ukiutazama kutoka ubavuni, kiatu kilichopita juu yake hewani kinaweza kuonekana kana kwamba kimeugusa.

Saa 2:30 asubuhi

Kikao. Mkuu wa waamuzi anagawa kona na njia: mimi njia ya 3 na ya 4, kona ya pili. Halafu tunarudia kanuni, ingawa kila mmoja wetu anaijua. Mkimbiaji akigusa mstari wa kushoto mara moja kwenye kona, haondolewi, lakini jina lake linawekewa herufi L kwenye matokeo. L hiyo inamfuata katika raundi zote za mbio hizohizo. Akigusa tena, iwe mchujo huohuo au hata fainali, anaondolewa.

Kanuni hii imetupa kazi zaidi, na naiunga mkono kabisa. Zamani hatua moja ilitosha kumtoa mtu. Sasa mwanariadha anapata nafasi ya kujirekebisha, lakini sisi tunatakiwa kuiona hata ile hatua ya kwanza isiyomdhuru, maana ndiyo itakayoipa uzito ya pili.

Saa 4:00 asubuhi

Mchujo wa mita 400. Kwenye riadha ya ndani hakuna upepo wa kupima, hakuna jua wala mvua. Kuna mlio wa bastola ukigonga dari, kisha vishindo vya miguu kwenye sakafu iliyoinuliwa kwa mbao. Ukiwa kwenye kona unavisikia kupitia kiti.

Kundi la kwanza, la pili, safi. Katika kundi la tatu mkimbiaji wa njia ya 3 anaingia kona yangu akiwa na kasi kubwa kuliko wote. Simtazami uso. Mwamuzi anayetazama nyuso anakuwa mtazamaji. Natazama ukanda wa sakafu wenye upana wa viatu viwili, na ndani ya ukanda huo naona ncha ya kiatu cha kushoto ikitua juu ya mstari, hatua moja, kama mita tatu kabla ya kona kuisha. Nainua bendera. Nabandika kipande cha utepe mahali penyewe. Kisha naandika fomu: mbio, raundi, kundi, njia, mguu upi, hatua ngapi, wapi. Nachora na mchoro mdogo. Naandika nilichokiona, basi. Kama alisukumwa, naandika. Hakusukumwa.

Kwenye chumba cha video wanaipata picha. Matokeo yanatoka: kashinda kundi lake, na pembeni ya muda wake ipo L.

Saa 5:20 asubuhi

Asubuhi inakwenda kwa kasi. Kwenye njia zilizonyooka, wanawake wa michezo mitano wanaruka viunzi vya mita 60: viunzi vitano, kila kimoja sentimita 83.8. Hao watafuatia kuruka juu, kutupa tufe, kuruka chini, na watamaliza na mita 800, yote leo. Sijui mashindano mengine yanayomdai mtu mmoja mambo mengi namna hiyo kwa siku moja.

Halafu mchujo wa mita 800 za wanaume, na hapa sisi wa kona hatupumui. Wanakimbia kwenye njia zao kona ya kwanza tu, kisha wote wanaikimbilia njia ya ndani, mizunguko minne, viwiko nje. Hatutazami mistari pekee. Tunatazama nani kamzuia nani, nani kasukumwa akakanyaga ndani bila kosa lake. Kwa maoni yangu hizi ndizo mbio ngumu kuliko zote za ndani, kuzikimbia na kuziamua. Ndiyo maana bado nastaajabia alichofanya Wilson Kipketer, mzaliwa wa Kenya aliyeiwakilisha Denmark, huko Paris mwaka 1997: alivunja rekodi ya dunia ya ndani kwenye mchujo, kisha akaivunja tena kwenye fainali kwa 1:42.67. Rekodi hiyo ilidumu zaidi ya miaka 25. Na kabla yake Paul Ereng wa Kenya alikuwa ameshatwaa ubingwa wa dunia wa ndani mara mbili, Budapest 1989 na Seville 1991. Mbio hizi zina historia yetu ndani yake.

Saa 7:30 mchana

Mapumziko. Tunakula haraka. Mwenzangu kijana, anayefanya kazi kwenye mashindano makubwa kwa mara ya kwanza, ananiuliza kama bendera zetu kweli zinabadilisha kitu, siku hizi ambapo kamera ziko kila mahali.

Namsimulia Birmingham, 2018, mashindano ya dunia ya ndani. Kwenye mchujo wa mita 400 za wanaume, kundi la tatu lilikuwa na wakimbiaji watano na wote watano waliondolewa: mmoja kwa kuanza kabla ya mlio, wengine kwa kukanyaga mistari. Kisha ikaja fainali. Óscar Husillos wa Hispania alivuka wa kwanza kwa 44.92, Luguelín Santos wa Jamhuri ya Dominika akawa wa pili. Wote wawili wakaondolewa kwa kosa la njia, na dhahabu ikaenda kwa Pavel Maslák wa Jamhuri ya Czech, aliyekuwa bingwa tangu 2014. Husillos alikuwa ameshaanza kushangilia. Kanuni ya wakati ule haikuwa na hatua ya kusamehewa.

Kamera zipo, namwambia, lakini kamera nayo inahitaji kuambiwa itazame wapi. Fomu yako ndiyo inayosema: kona ya pili, njia ya 3, mguu wa kushoto.

Saa 10:15 alasiri

Orodha ya nusu fainali imetoka. Ziko mbili, na watatu wa kwanza wa kila moja wanaingia fainali. Mkimbiaji wangu wa asubuhi yuko njia ya 3 tena.

Upangaji wa njia za mita 400 ndani si wa kubahatisha tu. Wenye nafasi bora wanagawiwa kwa kura njia ya 5 na ya 6, wanaofuata ya 3 na ya 4, wa mwisho ya 1 na ya 2, kwa sababu kadiri unavyokaa nje ndivyo kona inavyokuwa pana. Tofauti hii ndiyo iliyozitoa mita 200 kwenye mashindano ya dunia ya ndani. Mara ya mwisho zilikimbiwa Budapest mwaka 2004. Ulikuwa uamuzi sahihi. Mtu wa njia ya 1 alikuwa karibu ameshindwa kabla ya mlio, na mashindano ya namna hiyo hayamtendei haki hata anayeshinda.

Saa 12:20 jioni

Majukwaa yamejaa. Mchujo wa mita 1,500, mizunguko saba na nusu, unapita bila bendera upande wetu. Wanaohesabu mizunguko na kugonga kengele ndio wenye kazi hapo. Michezo mitano inamalizika kwa mita 800, na wanawake wale wanalala chini pamoja baada ya kuvuka, kisha wanainuka na kuzunguka uwanja wakiwa wameshikana mikono. Napiga makofi. Inaruhusiwa, mbio zikiisha.

Saa 1:40 usiku

Nusu fainali ya kwanza. Kabla ya mlio najikumbusha jambo moja: nina njia mbili, ya 3 na ya 4, na zote zinastahili macho yaleyale. L iliyo kwenye karatasi haipaswi kuyavuta macho yangu. Mwanariadha wa njia ya 4 hajafanya kosa lolote leo, na anastahili kuangaliwa kwa uzito uleule.

Mlio. Kona ya kwanza siioni vizuri, ina waamuzi wake. Wanakuja. Njia ya 4 anapita safi, mguu katikati. Njia ya 3 anakuja nusu hatua nyuma yake, ameinama sana ndani, na mguu wa kushoto unatua juu ya mstari. Si ncha safari hii. Nusu ya soli. Bendera. Utepe. Fomu.

Anamaliza wa pili. Anaangalia ubao, anainua mikono, anamkumbatia aliyeshinda. Nami naandika: hatua moja, mstari wa kushoto, hakusukumwa, hakuzuiwa. Naisoma fomu mara ya pili kabla ya kusaini, neno kwa neno. Naumia ninapoandika, nasema kweli; nimeona kazi ambayo mtu ameifanya kufika hapa. Ninachoweza kumpa ni maandishi sahihi.

Saa 2:05 usiku

Refa ametazama video pamoja na fomu. Ubao unabadilika: jina lake linashuka chini kabisa. Timu yake ina dakika 30 tangu matokeo kutangazwa rasmi kuwasilisha pingamizi, na wanaliwasilisha. Ni haki yao, na ningekuwa kocha wake ningefanya hivyohivyo. Refa analikataa, wanakwenda kwenye jopo la rufaa na kulipa amana inayotakiwa. Naitwa kueleza. Naulizwa nilikaa wapi, niliona kutoka upande gani, nina uhakika kiasi gani. Najibu, naonyesha mchoro, natoka.

Jopo linatazama picha kutoka pembe mbili. Uamuzi unabaki palepale.

Kocha wake ananikuta kwenye ukumbi mdogo wa nje. Ananisalimia kwa heshima, anauliza: "Ile ya asubuhi nayo ulikuwa wewe?" Namwambia ndiyo. Anauliza mguu unatua wapi hasa. Namweleza: zote mbili ni mwisho wa kona, anapoanza kufikiria kutoka kwenye njia kabla hajatoka. Anaandika kwenye simu yake. Anashukuru.

Saa 3:30 usiku

Napeleka fomu za mwisho kwenye dawati la taarifa za timu. Pale namkuta mkimbiaji aliyekuwa wa nne kwenye nusu fainali ile, ambaye sasa ni wa tatu. Alikuwa ameshaondoka uwanjani, ameshavaa ndala na koti, mfuko begani. Kocha wake kampigia simu arudi. Anamwuliza mhudumu mara mbili kama ni kweli. Mhudumu anamgeuzia skrini aone jina lake kwenye orodha ya fainali.

"Njia ya ngapi?" anauliza.

"Ya 1."

Anacheka kwa sauti, anasema haidhuru, anakaa sakafuni palepale na kuanza kufungua mfuko kuangalia kama viatu vyake vya misumari vimo.