Haibiskasi imeungua na barafu? Weka mkasi chini kwanza

Juzi usiku dada mmoja kwenye grupu letu la Watanzania wa hapa Houston katupia picha ya haibiskasi yake, nyeusi tii, majani yamenywea kama mchicha uliosahaulika jikoni, na chini kaandika "jamani nikate au ning'oe?" Kabla sijashika simu vizuri watu wameshajibu: kata, ng'oa, nunua nyingine, kuna na mmoja kasema mwagia maji ya vuguvugu. Mi nikaandika USIKATE kwa herufi kubwa nikalala zangu, asubuhi naamka nakuta maswali kama ishirini, kwahiyo acha niandike hapa mara moja kwa wote maana vidole vinachoka.

Mi sio mtaalamu wa bustani. Mi ni mtoto wa Tanga, Chumbageni, na nyumbani ua wote wa mbele ulikuwa ni haya maua, yale mekundu ya kawaida kabisa, hata jina hatukuwa nalo, tulisema tu maua ya kwenye ua, tunachuma tunanyonya utamu wa kule chini tukitoka shule. Mama alikuwa anayafyeka kwa panga mara mbili tatu kwa mwaka, siku si nyingi yamechipua kama hakuna aliyeyagusa. Sasa ukikulia na mmea wa hivo unaamini haufi. Nilipohamia huku 2016 nikakuta unauzwa kwenye kopo, bei ya kuku wawili, nikacheka peke yangu dukani, afu nikanunua.

Ikaja Februari 2021. Wenye Texas yao wanaijua hiyo wiki ya baridi kali, umeme ulikatika usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 15, na mi nikajisifu eti sisi mgao tumeuzoea, kumbe mgao wa Tanga una jiko la mkaa na joto la bure nje, huku nyumba ya mbao inapoa mpaka unaona pumzi yako sebuleni. Jumanne asubuhi ilifika nyuzi 13 za Fahrenheit, yaani karibu 11 chini ya sifuri kwa zile nyuzi zetu. Tulilala wanne kitanda kimoja na makoti. Mabomba ya jirani yakapasuka, afu mji mzima tukaambiwa tuchemshe maji. Nani angekumbuka maua.

Nilikuwa nayo manne. Moja kwenye chungu, hilo mume wangu alilisukumia gereji sio kwa mapenzi, lilikuwa linazuia mlango. Moja lilikuwa limejibana ukutani upande wa kusini, ukuta wa matofali. Moja kwenye uzio wa nyuma, upande wa kaskazini, upepo wote wake. Na la nne lilikuwa pambo langu, lile la rangi ya chungwa na katikati jekundu, ua kubwa kama sahani ya chai, nalo lilikuwa karibu na baraza.

Barafu ilipoyeyuka Jumamosi nikatoka na mkasi. Yote matatu ya nje meusi, mashina mengine ukiyaminya yanatoa maji. Nikampigia mama video, akaangalia akasema "kata mwanangu, kata mpaka chini, litachipua tu." Na mama hajakosea hata kidogo, kwa Chumbageni. Nikakata. Lile la uzioni nililikata mpaka chini kabisa, nikalimwagia maji mengi, nikaliwekea na mbolea konzi nzima ili lipate nguvu, yaani nililihudumia kama mzazi aliyetoka leba. Hilo ndo lililokufa.

Nilikuja kuelewa baadaye, nusu kwa rafiki yangu wa Makete, kule Njombe kwenye baridi. Yeye hakushangaa hata, akaniambia kwao mwezi wa sita wa saba barafu inachoma viazi, na neno lao ndo hilo hilo, kuchoma, unaamka shamba limeungua na moto hujauona. Kinachotokea ni kwamba maji yaliyo kwenye mmea yanaganda, barafu inavuta maji kutoka ndani ya seli, seli zinakauka na kupasuka, jua likitoka jani linabaki kitambaa cha maji. Ila kuungua hakuji kote siku moja. Majani unayaona kesho yake, lakini shina linaweza kuendelea kufa kushuka chini wiki kadhaa, kwahiyo ukikata siku ile ya kwanza hujui unakata wapi, unabahatisha. Na mmea uliokatwa unaamka, unasukuma machipukizi laini, halafu Houston inakuletea baridi nyingine mwezi wa pili mwishoni na hayo machipukizi ndo yanakwenda. Isitoshe yale majani mabaya meusi yanafunika shina la chini, ni blanketi ya bure hiyo, inachukiza macho lakini inafanya kazi.

Kitu pekee ninachokata mapema ni kile kilichokuwa uji. Kama tawi limelegea, linatoa maji na harufu ya kuchacha, hilo toa, litaleta kuoza. Gumu lililokauka liache.

Maji sasa, hapa ndo wengi tunaua. Mmea hauna majani, utakunywa vipi? Hanywi mtu pale. Udongo wetu huku ni mfinyanzi mtupu, ukimwaga ndoo leo keshokutwa bado unanata, mizizi inakaa ndani ya tope baridi na kuoza taratibu wewe unaona unahurumia. Ingiza kidole mpaka kwenye pingili ya pili, kama kuna unyevu geuka urudi ndani. Mbolea hapana kabisa mpaka uone majani mapya, chumvi ya mbolea inaunguza mizizi iliyolala, na yangu ya uzioni nadhani ilipigwa na vyote viwili kwa pamoja.

Jirani yangu ni bibi wa Kivietnamu, Kiingereza chake na changu vinakutana njiani, lakini maua haya anayajua, kwao wanayaita dâm bụt na wanayapanda kuwa ua wa nyumba kama sisi. Aliniona nimeinama kwenye lile la ukutani na mkasi, akaja, akaushika mkono wangu akaushusha. Afu akakwangua shina kwa ukucha, kidogo tu, ganda la juu. Kahawia. Akashuka chini akakwangua tena, kahawia. Akaendelea hivo mpaka kama shubiri moja juu ya udongo, pale akakwangua pakatoka kijani, kibichi, kina unyevu. Akanionyesha akacheka. Ndo kipimo chenyewe hicho, hakina hela, unaanza juu unashuka na ukiona kijani umefika kwenye uhai. Ukifika chini bila kuona kijani bado using'oe, mizizi inaweza kuwa hai na ikarusha chipukizi kutoka chini ya udongo. La ukutani lilitulia kimya Machi yote, mume wangu akawa analiita kaburi, na mwisho wa Aprili likatoa vidole vitatu vyekundu vya majani. Mi siku hizi nasubiri katikati ya mwezi wa tatu ndo nakwangua, afu nakata juu kidogo ya ile sehemu ya kijani, na kama sina uhakika nasubiri tena mpaka lenyewe linionyeshe linapochipua.

Sasa lile la chungwa. Lile lilichipua vizuri, tena kwa kasi kuliko la ukutani, nikawatumia watu picha, nikajigamba. Mwezi wa saba likafungua ua la kwanza: jekundu. Jekundu la kawaida, dogo, la Chumbageni. Nilisimama pale kama nimeibiwa. Kumbe yale maua makubwa ya madoido mengi ni ya kubebesha, kama michungwa ya Muheza, chini mlimao juu mchungwa, na barafu ilikuwa imeua mchungwa ikaacha mlimao. Kwahiyo ukinunua la bei mbaya angalia chini kwenye shina kama kuna kovu au kifundo cha kubebeshea, chipukizi likitoka chini ya pale sio mmea ulionunua. Unaweza kulikata au kuliacha. Langu niliacha, na mama alivoliona kwenye video akasema ndo la maana, yale mengine ni mapambo ya harusi.

Likishaanza kutoa majani hapo mambo yanakwenda mbio na unaweza kurudi kwenye huduma zako za mzazi. Maji kwa kiasi, mbolea kidogo kidogo, na muangalie zile namba tatu kwenye mfuko: haibiskasi inapenda ya mwisho (potasiamu) iwe kubwa na ya kati (fosforasi) iwe ndogo. Wenzetu mnaotoka kwenye kilimo mnaijua mbolea ya DAP, 18-46-0, basi hiyo ndo kinyume chake, msiipeleke hata karibu. Kata ncha za machipukizi yakirefuka ili yatoe matawi, maana ua linakuja kwenye tawi jipya, kila ua kwa kawaida linakaa siku moja tu basi, kwahiyo unataka ncha nyingi. Na angalia chini ya majani, wadudu mafuta wanapenda majani laini kuliko watoto wanavyopenda ubwabwa. Mi napiga maji kwa nguvu na mpira, wakirudi naweka matone ya sabuni ya vyombo kwenye maji napulizia jioni jua likishapoa.

La gereji lilipona bila hata kujua kama kulikuwa na vita, liligeuka njano tu na kupukutisha majani kwa kukosa mwanga. Kosa langu likawa kulitoa siku moja na kuliweka jua kali, majani yakababuka meupe. Toa kwanza kivulini, wiki hivi, ndo ulisogeze.

Kabla sijasahau, kuna ndugu zangu wa Ohio na kwingine kwa baridi kali watasema mbona ya kwetu inakufa kila mwaka na kurudi. Hiyo ni aina nyingine, maua yake makubwa kama sahani ya wali, jani lake halina mng'ao, hiyo kila msimu wa baridi inakufa yote juu na kuibuka tena kwenye Mei, msiitupe mwezi wa nne mkidhani imekwisha. Yetu ya jani linalong'aa ni ya nchi za joto, ikifika nyuzi 50 tu za Fahrenheit inaanza kununa, 32 inaungua. Na choya ya juisi, ndugu yake haibiskasi, haiulizwi, hiyo ikipigwa na barafu imekwenda, weka mbegu tu.

Desemba 2022 baridi iliporudi nilijiona mjanja, nikafunika kwa mashuka na nikaingiza taa za Krismasi chini yake zitoe joto. Taa za LED. Hazitoi joto la maana hata kidogo, zile za kizamani za waya wa kuwaka ndo zinapasha, kwahiyo mashina yakaungua huku yanawaka rangi rangi. Lakini shuka lilifika mpaka chini, nililiwekea matofali, udongo nilikuwa nimeumwagilia siku moja kabla (unyevu unashika joto la mchana), na matandazo marefu kama kiganja kuzunguka shina, na hilo la chini lote lilipona. Nailoni ikigusa majani inaunguza, tumia shuka au blanketi kuukuu, asubuhi jua likitoka fungua. Januari 2025 theluji ilivyoanguka huku watoto wakateleza kwenye masanduku ya karatasi nilifanya hivo hivo, na nilipokwangua: kijani kuanzia magotini kushuka.

Dada wa ile picha nimeshamwambia nakuja Jumamosi na kisu kidogo, tukakwangue pamoja. Kasema mume wake ameshaweka mkasi mpya kwenye gari. Nimemwambia aufiche.