Hos Maina na wenzake

Julai ikifika, wengi humtaja Dan Eldon, kijana mpiga picha aliyekulia Nairobi na kuuawa Somalia akiwa na miaka 22. Sina neno. Ila mimi huanza na Hos Maina, mpiga picha wa shirika la habari la Reuters, Mkenya mwenzangu, aliyeuawa siku hiyo hiyo.

Tarehe 12 Julai 1993, helikopta za Marekani zilishambulia nyumba mjini Mogadishu, walimokuwa wamekutana wazee wa upande wa Aidid, mbabe wa kivita wa Somalia. Waandishi wakaenda kupiga picha. Umati wenye uchungu ukawageukia kwa mawe na vipigo. Wanne wakafa: Hos, Dan, Hansi Krauss wa shirika la habari la AP na Anthony Macharia.

Macharia naye alikuwa Mkenya, fundi wa sauti. Huyo hata wanahabari wenzangu humruka, maana jina la fundi wa sauti haliandikwi chini ya picha yoyote. Hunikera kweli.